Njia ya miguu na baiskeli, Dunga hadi Buyangu: tufanye nini wenye mashamba wasitufungie?

mtembezi_ziwa (mleta uzi)

Wadau, kuna kikundi kinapanga njia ndefu ya kutembea na kuendesha baiskeli. Ianzie ufuo wa Dunga kwenye Ziwa Victoria, ipite Kisian, Kit Mikayi, Maseno, Bunyore, Mbale na Kaimosi, iingie Msitu wa Kakamega upande wa kusini na kuishia Buyangu. Ni zaidi ya kilomita mia moja, kaunti tatu: Kisumu, Vihiga na Kakamega. Mstari kwenye ramani upo. Watu bado. Sehemu kubwa inafuata vijia ambavyo wanakijiji hupita kila siku, lakini kwa karatasi hivyo vijia ni mashamba ya watu.

Naomba wenye ujuzi: mnaanza na nani, mnaahidi nini, mnaandikiana nini, na ni mambo gani huua mradi kama huu kabla jembe halijagusa udongo? Siasa za nani awe gavana tuziache nje ya uzi.

Mpima_Ardhi

Kabla hamjaongea na mtu yeyote, nendeni ofisi ya upimaji ya kila kaunti mkanunue ramani za usajili wa ardhi za maeneo yote mstari unakopita. Chukueni kalamu tatu. Kijani ni barabara na njia zilizochorwa kwenye ramani, hata kama leo zimelimwa. Manjano ni ardhi ya taasisi: shule, kanisa, soko, msitu. Nyekundu ni kijia kinachokatiza shamba la mtu na ramani haikijui. Hiyo nyekundu ndiyo kazi yenu. Mara nyingi mkisogeza mstari mita mia mbili huku au kule, nusu yake inapotea.

Fanyeni hesabu ya Vihiga mwone kwa nini nasisitiza. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 590,013 huko, zaidi ya elfu moja kwa kila kilomita ya mraba. Shamba la robo ekari ni kama mita za mraba elfu moja, tuseme 25 kwa 40. Mkikatiza upande wa mita 25 kwa njia ya upana wa mita 2, mmechukua mita za mraba 50, yaani asilimia 5 ya kila kitu alicho nacho huyo mama. Ni karibu mistari mitatu ya mahindi. Msimwendee mkimwambia ni "kasehemu kadogo tu".

Jambo la pili: njia nyingi za kijani zilichorwa pana kisha majirani wakazila pande zote mbili, ikabaki mita moja na nusu. Iacheni hivyo hivyo. Siku mtakapofika na mpimaji na kuanza kutafuta mawe ya mpaka, habari itafika Mbale kabla yenu: "hawa wamekuja kurudisha barabara." Kurudisha barabara ni ugomvi wa kaunti. Mita moja na nusu inatosha mtu na baiskeli kupishana wakiheshimiana.

Ukanda wa reli ya Kisumu–Butere utawatamanisha kwa sababu mteremko wake ni wa taratibu. Sahauni. Ni mali ya Shirika la Reli na reli yenyewe si gofu.

mtembezi_ziwa

Asante mkuu. Hofu tunayokutana nayo ni moja: "nikiwaruhusu wapite, kesho mtasema ni njia ya umma na shamba langu limekwenda." Tunajibu nini?

Mpima_Ardhi

Mwambieni ukweli, kwamba hofu yake ina msingi wa kisheria. Sheria ya Ukomo wa Kesi, Sura ya 22, kifungu cha 32: watu wakipita mahali waziwazi, kwa amani, kama wenye haki, bila kukatizwa kwa miaka 20, wanaweza kudai haki ya kudumu ya kupita. Sasa angalieni upande wa pili. Anayepita kwa ruhusa ya mwenye shamba hapiti kama mwenye haki. Kwa hiyo karatasi ya ruhusa inamlinda mwenye shamba kuliko kukaa kimya. Leo watoto wa shule wanakatiza kwake bila karatasi yoyote, na miaka inahesabika. Hii hoja imegeuza watu wengi, lakini isemwe na mtu wanayemwamini, na wapewe nafasi ya kuuliza wakili wao.

Karatasi yenyewe iwe ukurasa mmoja, kwa Kiswahili na kwa lugha ya kijiji, iwe na mambo haya na yasizidi:

- mchoro wa shamba na mstari wa njia, upana ukiandikwa kwa mita na kwa hatua;
- kwamba ni ruhusa tu, si kuuza, si kukodisha, na hakuna kitakachoandikwa kwenye hati;
- muda, miaka 5 inafaa, na haki ya mwenye shamba kuiondoa kwa notisi ya siku 90;
- nani anafyeka, nani anaziba mashimo, na maji ya mvua yanatolewa wapi (FundiMaram ataeleza, hili ndilo huleta panga);
- vyombo vinavyoruhusiwa;
- sahihi ya mwenye shamba, ya mke au mume wake, na ya mzee wa kijiji kama shahidi.

Nakala tatu: mwenye shamba, kikundi, ofisi ya chifu. Hizo karatasi zina namba za vitambulisho na simu za watu. Zikipigwa picha na kurushwa kwenye kundi la WhatsApp mmevunja Sheria ya Kulinda Data ya 2019, na mmevunja imani pia.

Mtego mkubwa kuliko yote: hati bado iko kwa jina la babu aliyezikwa zamani. Hapo anayelima hana mamlaka ya kusaini peke yake hata kama ndiye mkarimu kuliko wote. Ndugu wote watu wazima wasaini, pamoja na yule wa Nairobi ambaye huja Desemba, na chifu aandike barua ya kuwatambua. Msipofanya hivyo, Desemba itafika na ua wa miiba utakuwa katikati ya njia.

Mahali mnapojenga kitu cha kudumu, kama daraja, ruhusa ya miaka mitano haitoshi. Hapo sajilini haki ya kupita kwenye hati, kwa wakili. Sheria ya Ardhi ya 2012, kifungu cha 145, inaruhusu hata kundi la watu kuiomba Tume ya Kitaifa ya Ardhi itangaze njia ya jamii, na kifungu cha 148 kinazungumzia fidia. Mlango huo upo, ila anayeanza nao ameamua kushindana na kijiji kizima.

LiguruMstaafu

Vijana, mmeongea vizuri lakini mmeruka hatua. Karatasi ni jambo la mwisho.

Wa kwanza ni liguru (mzee wa kijiji kwa Waluhya) wa kila kijiji, na upande wa Seme, kule Kit Mikayi, mzee wa kijiji. Mwende wawili, msiende kumi, na msivae fulana zenye nembo. Mwombeni atembee nanyi kipande chake kutoka mpaka hadi mpaka. Yeye ndiye anajua kwamba hapa kuna kesi ya ndugu wawili, pale kuna kaburi jipya, kule kisima kilipata wafadhili wawili na watu wakagawanyika. Mkipitisha njia kwenye ardhi yenye kesi, aliyekubali atakuwa amewatumia nyinyi kuonyesha kuwa ardhi ni yake.

Baada ya kutembea, chifu msaidizi, kisha baraza. Barazani msiombe watu wainue mikono kukubali mradi wote. Waulize: kijia gani mnapita kwenda shule, zahanati, sokoni, kisimani? Kipi hakipitiki mvua ikinyesha? Andikeni. Mkirudi baraza la pili na mstari uliohamishwa kufuata majibu yao, watu wataona kwamba walisikika. Mkirudi na mstari ule ule, baraza la tatu mtakaa na chifu.

Wekeni nyakati ambazo wanawake wanaweza kufika. Saa nne asubuhi wengi wako shambani au sokoni. Saa nane au tisa mchana ni afadhali. Na mwisho wa baraza, orodha ya waliohudhuria isitumike kama orodha ya waliokubali. Huo ni ujanja wa zamani na kila mtu anaujua.

NyarSeme

Naongezea upande wa ziwa na Kit Mikayi.

Njia isipite kati ya lango la boma na nyumba, wala isikatize mahali palipoachwa wazi kwa ajili ya nyumba ya mwana ambaye bado hajajenga. Kwa mgeni panaonekana nyasi tupu. Makaburi yapo ndani ya boma, wakati mwingine karibu kabisa na ua. Alama au benchi visielekee huko. Mkiona ua wa mnyaa au mkonge umekatwa pengo dogo, si kila pengo ni njia. Mengine ni ya ng'ombe wa mwenye boma peke yake. Ulizeni.

Kit Mikayi ni mahali pa maombi pamoja na kuwa mahali pa wageni. Kuna watu hukaa pale siku kadhaa wakifunga. Njia ipite pembeni, kwa mlango uliopo, na ada ya kuingia ilipwe kama kawaida. Mkiwapelekea waendesha baiskeli wanaokatiza bila kulipa mmewaharibia wanaopatunza, na hao ndio wangekuwa marafiki wenu wa kwanza.

Ufuoni, Dunga na kwingine, ongeeni na kamati ya ufuo ya wavuvi kabla ya mwenye hoteli yeyote. Na msijenge chochote kwa kuangalia maji ya leo. Mwaka 2020 ziwa lilipanda likapita hata kiwango cha 1964, na mahali palipokuwa na vibanda pakawa maji. Usoni pa ziwa wekeni alama zinazohamishika, njia ya kudumu iwe juu zaidi. Kuna viboko pia. Wanatoka jioni kula nyasi na kurudi kabla ya jua. Njia yao mtaijua kwa mifereji miwili sambamba yenye tuta katikati, kwa sababu miguu yao imeachana. Mkiikuta, hamisheni mstari. Msiweke kibao cha onyo mkadhani mmemaliza.

FundiMaram

Haya, maji. Watu wanadhani ugomvi wa njia ni ardhi, lakini mwaka wa pili ugomvi ni maji. Njia iliyopigwa vizuri inakusanya mvua kama mfereji, na mahali mtakapoitoa ndipo shamba la mtu litachimbika. Kwa hiyo mnapotembea na mwenye shamba mwonyesheni kwa kidole: maji yatatoka hapa, yataingia kwenye nyasi yako ya napia au migomba, si kwenye mahindi. Mkimwonyesha migomba atawaomba mwongeze matokeo, yaani mahali pa kutolea maji.

Vipimo vinavyofanya kazi kwenye udongo mwekundu wa Vihiga na Kakamega:

Uso wa njia uinamie upande wa bondeni kwa asilimia 5 hivi, yaani kwenye upana wa mita 1.5 upande mmoja uwe chini kwa sentimita 7 au 8. Maji yavuke njia, yasitembee juu yake. Kila baada ya umbali fulani, njia ishuke kidogo halafu ipande, ili maji yalazimike kutoka. Mteremko wa asilimia 2, matokeo kila mita 75. Asilimia 5, kila mita 40. Asilimia 10, kila mita 25. Zaidi ya asilimia 10 msipande moja kwa moja, zungukeni kilima. Vijia vya watu vinapanda wima kwa sababu mtu wa miguu anataka ufupi, na ndiyo maana vimegeuka makorongo. Njia yenu ikikatiza kilima kwa kona, watu watakata kona. Pandeni kitu chenye miiba kwenye pembe, au wekeni mawe makubwa. Bunyore na Maragoli mawe hayakosi.

Maram, ile changarawe nyekundu ya barabara: msiahidi maram kila mahali, hesabu hii iwatishe. Kilomita moja, upana mita 2, unene sentimita 15 baada ya kushindiliwa, ni mita za ujazo 300. Ikiwa haijashindiliwa ni kama 390. Tipa linalobeba mita za ujazo 12 litakwenda mara 33. Tena tipa haliingii kwenye kijia, litamwaga barabarani na nyinyi mtasukuma kwa toroli. Toroli moja hubeba kama 0.06. Ni safari 6,500 kwa kilomita moja. Kwa hiyo maram iwekwe mahali penye tope tu, mengine yatibiwe kwa kutoa maji. Mkitoa maji vizuri, udongo mwekundu huwa mgumu kama tofali.

Udongo mweusi ni hadithi nyingine, na bahati yenu hamuelekei Ahero. Ila mabonde ya karibu na ziwa yanao. Unavimba ukilowa na kupasuka ukikauka, maram inamezwa msimu mmoja. Hapo inueni njia sentimita 30 juu ya pande zake, mitaro pande zote mbili, mawe chini, maram juu.

Kalavati: msiweke bomba la chini ya milimita 450. Mabomba madogo ni rahisi kubeba, lakini yanaziba kwa majani ya miwa na chupa, na mtu mzima hawezi kuyazibua. Ya 600 ni bora ikiwa mfuko unaruhusu. Juu yake pawe na udongo angalau sentimita 30, la sivyo siku mkokoteni wa punda ukipita litapasuka.

Kazi ifanywe Desemba hadi Februari. Lakini mstari mzima utembewe Aprili au Mei, kwenye mvua ya masika, kabla ya kusaini chochote. Kijia kizuri cha Januari mara nyingi ni kijito cha Mei.

MambaNyeusi

Mkisema "baiskeli" mnafikiria baiskeli za gia. Watumiaji wa kila siku wako kwenye Black Mamba yenye gunia la kilo 70 nyuma, gia moja, breki za fimbo zinazobana ringi. Ringi ikilowa breki hizo karibu hazipo. Kwa hiyo:

Mteremko mrefu usizidi asilimia 5. Vipande vifupi, mita 30 hivi, asilimia 8 inavumilika. Mahali njia inaposhuka na kukutana na barabara ya lami, kwa mfano Kisian au Maseno, mita 20 za mwisho ziwe tambarare na njia ipinde kidogo ili mtu apunguze mwendo. Muvuke mahali ambapo tayari kuna matuta. Madaraja yawe na upana usiopungua mita 1.5 kati ya vishikio, vishikio viwe na urefu wa mita 1.4. Kishikio cha mita moja kinamfaa mtembea kwa miguu, ila aliyeketi kwenye baiskeli kitampiga kiunoni na kumrusha mtoni. Mbao za sakafu zipangwe kukatiza, zisiende urefu wa daraja, kwa sababu gurudumu huingia kwenye pengo.

Miti ya karatusi isiyotiwa dawa, ikigusa udongo, huoza ndani ya miaka michache. Bora nguzo zikae juu ya zege.

StejiYetu

Na boda je? Maana naona watu wote humu wanatuzunguka. Mkitengeneza kijia kizuri kinachofupisha safari, pikipiki zitapita. Mtaweka nguzo?

MambaNyeusi

Nguzo hazisaidii. Mapengo ya kuzuia pikipiki yanazuia baiskeli pia: Mamba yenye madumu mawili ya lita 20 inaweza kuwa pana kama usukani wa pikipiki. Na mwenye kiti cha magurudumu anabaki nje kabisa.

StejiYetu

Basi ongeeni na steji, si na polisi. Kila steji ina mwenyekiti na sheria zake, na faini ya steji inaumiza kuliko kibao. Yafuatayo yanakubalika: vipande vyenye barabara mbadala, boda isipite. Vipande visivyo na mbadala, boda ipite polepole ikibeba mgonjwa au mzigo wa mwenye boma. Kwa upande wetu tupeni kazi: kubeba mizigo ya wageni kutoka kituo hadi kituo, na kumtoa aliyeumia. Kwa hilo mnahitaji alama za kilomita zenye namba, ili anayepiga simu aseme "niko kati ya 41 na 42" badala ya "niko karibu na mti mkubwa". Namba za steji zibandikwe kwenye zahanati.

Na msipake maneno "boda marufuku" mahali popote. Yatakuwa yamechorwa juu kabla wiki haijaisha.

FundiMaram

Kuhusu hizo alama: msitumie nguzo za chuma. Zitaishia kwa mnunuzi wa chuma chakavu. Nguzo ya zege, sentimita 10 kwa 10, urefu mita 1.5, nusu mita ikiwa ardhini. Kila moja inatumia zege mita za ujazo 0.015, kwa hiyo mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50, mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto), unatoa nguzo kama kumi. Vyuma viwili vya milimita 8 ndani. Inafikia kilo 36, wawili wanaibeba. Namba ichongwe kwenye zege ikiwa bado mbichi, kwa sababu rangi pekee huisha. Weka kila kilomita, na alama ndogo ya rangi juu ya jiwe kwenye kila njia panda, kisha nyingine mita 20 au 30 baada ya njia panda, kumthibitishia mtu kwamba hajapotea. Msipigilie misumari kwenye miti ya watu.

Hesabu_Kwanza

Samahani kwa kuharibu sherehe. Mnawaahidi watu nini? Maana nimeona miradi ikiuzwa kwa neno "watalii" na baada ya miaka miwili mama bado anachoma mahindi kwa wateja wale wale.

mtembezi_ziwa

Tulikuwa tumeandika kwamba wageni wataleta mapato ya malazi na chakula. Tuitoe hiyo ahadi?

Hesabu_Kwanza

Isiwe ya kwanza, na isiwe na namba. Rwanda wana njia ya Congo Nile, kilomita 227 kando ya Ziwa Kivu kutoka Rubavu hadi Rusizi, na kwa sehemu kubwa ilifuata barabara za udongo na vijia vilivyokuwepo. Hilo la kufuata kilichokuwepo ndilo la kuiga. Kule Uingereza wazo la Pennine Way lilichapishwa 1935 na njia ikafunguliwa 1965, na sababu mojawapo kubwa ya kuchelewa ilikuwa hiyo hiyo ya haki ya kupita kwenye ardhi za watu. Sasa nyinyi mnataka kumaliza kabla ya uchaguzi.

Ahidini kinachoweza kuonekana mvua ijayo: kalavati pale watoto wanapovua viatu, daraja la miguu, kisima ambacho njia yake haitelezi. Mgeni akija atapita juu ya hivyo hivyo. Asipokuja, kijiji hakijapoteza. Na malipo kwa wenye mashamba: msianze kumlipa mmoja. Ukimlipa wa kwanza, wa mia moja na hamsini atataka zaidi, na aliyetoa bure atafunga. Badala ya pesa, kazi ya matunzo itoke kwa wale njia inapopita. Mfumo wa mtu mmoja kutunza kipande chake si mgeni hapa. Mpango wa barabara za vijijini ulioanza 1974 uliajiri wakazi wa kando ya barabara hivyo hivyo. Mtu mmoja, kilomita moja hadi moja na nusu, jembe, fyekeo, koleo na toroli, siku chache kwa mwezi, akilipwa akikaguliwa. Kipande kisichokaguliwa kisilipwe, hata akiwa mpwa wa mwenyekiti.

LiguruMstaafu

Hasa akiwa mpwa wa mwenyekiti.

Bajeti_ya_Wadi

Sasa pesa za matunzo zinatoka wapi mwaka wa tatu? Wengi hukwama hapa kwa sababu wanakwenda kwa MCA, mwakilishi wa wadi, mwezi wa Mei wakati mlango umefungwa. Kalenda iko kwenye sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012. Mpango wa maendeleo wa mwaka unapelekwa bunge la kaunti kufikia 1 Septemba. Waraka wa mkakati wa fedha, 28 Februari. Makadirio ya bajeti, 30 Aprili. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai. Jambo lisilokuwa kwenye mpango wa Septemba ni gumu mno kuliingiza Aprili. Kwa hiyo Julai na Agosti ndiyo miezi yenu ya kuandika, na mwandike kwa kaunti zote tatu.

Msiombe "njia ya utalii kilomita mia". Hakuna atakayejua aiweke idara gani. Ombeni vitu vyenye wadi, kijiji na kipimo: kalavati mbili za milimita 600 mahali fulani, daraja la miguu mita 12 kijito fulani, maram mita 400. Hivyo vinaingia barabara za kaunti na vinaweza kukaguliwa. Ambatisheni nakala ya kumbukumbu za baraza, siyo barua ya kikundi tu. Maoni yaliyosemwa kwa mdomo siku ya ushirikishwaji wa umma hupotea. Pelekeni kwa maandishi na mgongewe muhuri kwenye nakala yenu.

Kikundi kisajiliwe chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022, watu wasiopungua kumi. Ila ushauri wangu msiwe na kikundi kimoja cha kilomita mia. Kila kipande kiwe na chake, kisha kamati ndogo ya juu kwa ajili ya ramani, alama na mazungumzo na kaunti. Katiba, kifungu cha 189, inaruhusu kaunti kuunda kamati za pamoja. Hiyo iombwe baadaye, mkiwa na kipande cha kuonyesha.

KijaniKusini

Msituni kuna wenyewe wawili. Buyangu, kaskazini, ni hifadhi ya taifa tangu 1985 na iko chini ya huduma ya wanyamapori. Isecheno, kusini, iko chini ya huduma ya misitu. Ada ni mbali mbali, barua ni mbali mbali. Upande wa kusini chama cha jamii cha msitu ndicho mlango halisi, kwa sababu kina waongozaji wanaoishi kwa kazi hiyo. Njia yenu ikija na alama zinazomfanya mgeni asihitaji mwongozaji, mmewanyang'anya. Pangeni: ndani ya msitu alama chache, mwongozaji lazima kwenye vijia vyembamba, baiskeli zibaki kwenye barabara za msitu. Msikate njia mpya hata mita kumi. Ukingoni kuna ukanda wa majani chai wa Nyayo, nao una shirika lake, waandikieni.

Kaimosi msisahau kanisa. Wamarafiki (Quaker) wako pale tangu 1902, na ardhi ya misheni ni pana. Sahihi moja ya taasisi inaweza kuwapa urefu ambao kwa mashamba ya watu ungehitaji sahihi arobaini. Maseno ni hivyo hivyo na mashule yake.

mtembezi_ziwa

Nimeelewa tulivyokosea. Tulitaka kuzindua njia nzima siku moja Dunga. Sasa tunafikiria kipande kimoja, Maseno hadi Bunyore, kilomita kama kumi na mbili, chenye taasisi nyingi na vijia vya shule. Mawe ya kona yapo. Julai tuandike, Desemba tujenge.

Hesabu_Kwanza

Kipande kizuri. Kina pande mbili za mpaka wa kaunti pia, mtajifunza mapema. Alama pale mpakani ziwe kwa Dholuo na Kinyore, zisiwe Kiswahili tu.

mtembezi_ziwa

Sawa. Baraza la kwanza tumelipanga Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa nne asubuhi.

LiguruMstaafu

Jumamosi? Jumamosi watu wako mazishini na Wasabato wako kanisani. Weka Jumatano, saa nane mchana, na usianze kabla wanawake hawajafika.